Mama wa Nahodha

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu. Nimpelekee mteja ramani, aikubali njia, atie sahihi, nirudi nyumbani nikavue viatu.

Ofisi yetu inakodisha boti za matanga. Watu waliochoka na mabosi wao wanakuja, wanataka siku nne baharini, tunawazungusha kwenye visiwa vya pande zetu, ambako baridi si baridi na joto si joto. Mimi ndiye ninayepanga. Siku ya kwanza mtalala wapi, maji yakipwa msipite wapi, mashuka mangapi, maji ya kunywa kiasi gani. Mdogo wangu ndiye nahodha. Tumezaliwa tumbo moja, wawili tu, na tunagombana tangu tukiwa watoto.

Asubuhi ya siku hiyo tuligombana pia. Mteja alitaka usiku wa mwisho walale kwenye kisiwa cha mwisho kabisa, kile kidogo kisicho na hata mti mmoja. Nikakataa. Pale chini ni mwamba mtupu, nanga haishiki.

"Nitaishikisha mimi," mdogo wangu akasema. "Kazi yako kuchora mistari. Bahari niachie."

"Ukifa nisilie?"

"Lia, ila kwa sauti ya chini. Una sauti mbaya."

Ndivyo alivyo. Au ndivyo alivyokuwa.

Mteja aliishi ghorofa ya nne, juu kabisa, kwenye jengo lililo mbali na pwani. Kutoka pale huoni bahari hata ukisimama juu ya paa. Lakini nilipofika ghorofa ya tatu, harufu ikanipokea. Mwani uliooza. Nikajinusa begani, nikidhani nimekuja nayo kutoka gatini. Haikuwa yangu.

Alifungua mlango mwenyewe, mwanamke wa makamo, nywele amezibana nyuma mpaka macho yamevutika. Nyuma yake kaka zake wawili, aliotaka kusafiri nao, walikuwa wamekaa kwenye kochi, mikono magotini. Mapazia yamefungwa, taa haijawashwa. Nikasalimia.

Hakuna aliyeitikia.

"Umechelewa," mwanamke akasema.

"Saa kumi na mbili kamili, mama. Tulikubaliana..."

"Umechelewa."

Nikatandaza ramani mezani. Nikawaeleza kisiwa cha kwanza cha kulala, cha pili cha kuogelea, cha tatu chenye kisima. Kwa usiku wa mwisho niliwapangia ghuba moja tulivu. Mwanamke akaweka ukucha kwenye kile kisiwa kisicho na mti.

"Hapa."

"Nanga haishiki hapo, mama."

"Hatutaki ushauri," akasema kaka mmoja kutoka gizani. "Nanga inashika. Siku zote inashika."

Ndipo nikasikia. Juu ya dari. Kitu kizito kinaburutwa, polepole, kama mnyororo.

Kraa... kraa... kraa.

Nikaangalia juu. Wao hawakuangalia. Nilikuwa nimezipanda ngazi zile mwenyewe na kuzihesabu. Juu yetu hapakuwa na mtu wala ghorofa nyingine.

Mwanamke akasukuma karatasi mbele yangu. Haikuwa fomu yetu. Ilikuwa karatasi ya daftari, imekatwa kwa mkono, ina unyevunyevu.

"Andika jina la nahodha."

Nikaandika. Wateja wengi wanataka kujua nani atawaendesha, hilo si geni kwangu.

"Na la mama."

"Mama gani?"

"Mama aliyemzaa."

Kalamu ikasimama.

Nilikuwa nimejaza fomu miaka kumi na moja. Za bandari, za bima, za abiria wanaotapika na abiria wanaodanganya uzito wao. Hakuna fomu inayouliza nahodha alizaliwa na nani. Lakini kila mtu anajua ni nani anayeuliza jina lako na la mama yako, na anauliza kwa ajili gani.

"La nini hilo, mama?"

"Andika!"

Kaka wa pili alikuwa amesimama. Sikumsikia akinyanyuka. Alikuwa kati yangu na mlango.

Sikuweza kuliandika jina la mama yangu. Sikuweza. Mama yangu ambaye saa ile alikuwa nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anatusubiri. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana.

Nikatunga.

Nikaandika jina la kwanza lililokuja kichwani. Halikuwa la shangazi, wala la jirani, wala la mtu yeyote niliyewahi kumjua. Jina hilo silitaji hapa. Silitaji popote.

Mwanamke akaichukua karatasi, akaipuliza, akaingia nayo jikoni. Nilimwona kupitia mlangoni. Kulikuwa na ndoo sakafuni, imejaa maji meusi. Akaitumbukiza karatasi, akainama, akaanza kunong'ona. Jina la mdogo wangu. Kisha lile jina nililotunga.

Mara ya kwanza, kimya.

Mara ya pili, mnyororo juu ya dari ukasimama.

Mara ya tatu...

"Abee."

Sauti ya mwanamke. Ya upole. Ilitoka bafuni, nyuma ya mlango uliofungwa.

Mteja wangu akageuka. Uso wake ulikuwa umekauka kama chokaa, na ndipo nilipojua kwamba hata yeye hakuitegemea sauti ile.

"Umemwandika nani?" akanong'ona. Halafu akapiga kelele. "Wewe mwanamke, umemwandika nani?"

Bafuni, kitasa kikaanza kuzunguka.

Sikumbuki nilimpitaje yule kaka. Nakumbuka kucha zake shingoni. Nakumbuka nateremka ngazi tatutatu, kiatu kimoja mkononi. Ramani niliiacha. Mpaka leo iko kwao, kama bado wapo.

Asubuhi yake niliifuta safari. Mdogo wangu alipojua, alinifokea mbele ya mafundi wote.

"Umeota! Umekaa gizani na watu wasiokupenda, ukaota!"

"Waliuliza jina la mama."

"Kwa hiyo? Wangeuliza la babu ungechoma boti?"

Hakunisemesha siku mbili. Aliyeniamini alikuwa dada mmoja anayetufulia mashuka ya boti. Nilipomtajia lile jengo, aliacha kukunja.

"Dada, wale mwaka juzi walikodi kampuni nyingine. Kisiwa hichohicho. Nahodha wao aliwarudisha salama, akafunga boti, akaenda kwake. Mkewe akakataa kumfungulia. Alisema aliyesimama mlangoni ana sura ya mumewe, basi."

"Wanataka nini?"

"Mimi nafua tu." Akashusha sauti. "Wanasema baba yao alibaki kule, na hawezi kukaa peke yake. Umemwandika mama wa uongo? Umefanya vizuri."

Nilitaka sana kumwamini.

Ijumaa, siku ambayo safari ingeondoka, nilikuwa peke yangu mapokezini. Mdogo wangu alikuwa stoo anapanga kamba. Jua lilikuwa linazama. Mlango ukafunguka, na kabla sijainua kichwa, harufu ikanifikia.

Mwani.

Mwanamke wa umri wa mama yangu. Gauni safi, limepigwa pasi, isipokuwa pindo. Pindo lilikuwa linachuruzika maji sakafuni. Alikuwa na uso mzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alikuwa na uso mzuri, wenye huruma.

"Nimemfuata mwanangu," akasema.

"Hapa hakuna mwanao, mama."

"Ananisubiri."

"Toka." Nikazunguka meza, nikasimama mbele ya mlango wa stoo. "Toka ofisini kwangu!"

Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayegoma kuoga.

Nyuma yangu mlango wa stoo ukafunguka. Mdogo wangu alikuwa amebeba kamba begani. Ilimteleza, ikaanguka yote miguuni pake.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Kazi, mama."

Nilimshika mkono. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, nikamwita jina lake, nikamtukana kama tulivyozoea kutukanana. Akaniondoa vidole kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu asiyetaka ugomvi na mgeni. Wakatoka pamoja. Nilikimbia mpaka barabarani. Mtaa ulikuwa umejaa watu wanaotoka kazini, na wao hawakuwemo.

Jumatatu alikuja kazini kama kawaida, kwa wakati. Anaendesha boti vizuri kuliko mwanzo. Wateja wanampenda. Hanijibu tena kwa jeuri. Ananiita "dada" kama anavyomwita mwanamke yeyote. Anakolala sijui. Mara mbili nilimfuata, na mara mbili nilimpoteza kwenye kona ileile, ambako hakuna njia ya kupita.

Mama yetu alikuja ofisini mara moja. Alimshika shavu. Mdogo wangu akarudi nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu bibi anatafuta nani?"

Tangu hapo mama hatoki. Kila nikirudi ananiuliza alikuwa amevaa nini, kama alikula, kama alicheka. Namwambia. Sijamwambia nilichoandika. Kila siku nasema kesho.

Jana jioni aliniomba nimsimulie siku mdogo wangu alipozaliwa. Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka kila kitu, na alitaka kukisikia kutoka kwa mtu mwingine ili ajue hajachanganyikiwa. Nikaanza. Nikamweleza mvua ya siku ile, mkunga aliyenipa kitambaa nikishike, kilio cha kwanza, mimi kuitwa niingie chumbani nimwone mtoto. Nikamweleza mwanamke kitandani, amechoka, amempakata mtoto, anageuza uso kunitazama...



Nilimwona vizuri. Uso uleule mzuri, wenye huruma.

"Endelea," mama akasema. "Mimi nilifanya nini?"