Mlinzi Aliyeambiwa Atazame Tu

Mwalimu Jemutai wa Sugoi alikufa saa moja u nusu asubuhi, akiwa na miaka ishirini na saba na mtoto wa kike mwenye umri wa saa kumi na moja. Inspekta Bethwel Kimeli alipofika wodini saa tatu, maiti ilikuwa imefunikwa shuka hadi kidevuni. Mfuko wa damu ulikuwa ungali unaning'inia, nusu yake imebaki.

Lebo ya mfuko ilisema A.

Emmanuel, mume wa marehemu, alikuwa amesimama kando ya kitanda na gambuti zenye tope la shambani. Alifungua mkoba wa mkewe akatoa kadi ndogo iliyochakaa.

"Afande, soma hii. Mke wangu alikuwa anachangia damu tangu chuoni. Ni O. Nani aliweka hiyo ingine?"

Kimeli aliisoma kadi, akaiweka kwenye bahasha ya vielelezo. Mtu wa O akitiwa damu ya A, mwili wake hupigana nayo mpaka umuue. Hilo alilijua. Baada ya miaka ishirini na sita kazini alijua mengi kuhusu vifo, na hakutarajia tena haki. Alitarajia karatasi zilizojazwa vizuri.

"Mwenye makosa tunamjua, Inspekta," alisema Bi Wangeci, mkurugenzi wa hospitali hiyo ndogo ya misheni. "Sista Maximilla Akumu. Sahihi yake iko kwa fomu ya damu. Wenzako walishamchukua."

Mshtakiwa kabla ya uchunguzi! Kimeli hakupenda kesi zinazopikwa kabla moto haujawashwa. Akarudi kituoni.

Akumu alikuwa ameketi kwenye benchi la seli, sare yake nyeupe ina damu kifuani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, kumi na saba kati ya hiyo akiwa muuguzi.

"Damu uliiweka wewe?"

"Ni mimi."

"Grupu uliitoa wapi?"

"Kwa lebo. Lebo inatoka kwa kompyuta."

"Maabara hawakulinganisha damu kwanza?"

"Dawa ya kulinganisha iliisha wiki mbili zimepita. Tukaambiwa tufuate rekodi. Na mama alikuwa anavuja damu kama bomba limepasuka, Afande. Ningengoja nini?"

"Marehemu alisema chochote?"

Akumu aliangalia sakafu. "Alikuwa amechoka."

Hilo halikuwa jibu. Kimeli aliona, lakini akalipita. Kama hangepata ushahidi mwingine kabla ya kesho asubuhi, mwanamke huyu angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia, na sahihi yake ingetosha kumfunga.

Alirudi hospitalini pamoja na Konstebo Cherono wa kitengo cha uhalifu wa mitandao, msichana mwembamba asiye na maneno mengi. Wodini Kimeli alisimama. Chupa za sampuli kwenye trei zilikuwa zimebandikwa vipande vya plasta, na majina yameandikwa kwa kalamu ya wino. Kando yake printa ya lebo ilikuwa inawaka taa ya kijani.

"Mbona mnaandika kwa mkono?" alimuuliza muuguzi wa zamu.

"Printa imekataa, Afande. Vitanda za B zote inakataa."

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi, saa mbili hivi. Ilikuwa sawa kabisa tangu mwezi wa tatu."

"Vitanda vya B ni vipi?"

Muuguzi alimtazama kama mtu anayeulizwa mvua ni nini. "Si mgomo wa hospitali za serikali ulituletea watu wote? Tunalaza wamama wawili kwa kitanda moja. Sistim inakubali mtu mmoja, so huyu wa pili tunamuandika B. Mwalimu alikuwa 4B."

"Na wa 4?"

"Jepchumba wa Moiben. Tumemhamisha, alikuwa analia sana."

"Grupu yake?"

Muuguzi alifungua faili. "A."

Mashine iliyofanya kazi miezi saba iligoma ghafla, nusu saa tu baada ya mtu kufa. Kimeli hakujua kompyuta, lakini watu wanaosafisha nyumba baada ya msiba aliwajua vizuri.

Javan Oyugi, msimamizi wa mitambo, alikuwa na chumba chake kidogo nyuma ya duka la dawa. Seva ilikuwa ikivuma pembeni. Ukutani kulikuwa na cheti chenye fremu: Mfanyakazi Bora wa Mwezi, Machi.

"Seva ni nzima, Afande," alisema kabla ya kuulizwa. "Iko na mlinzi ndani, programu ya kulinda zingine. Kila programu imeandikiwa sera yake: gusa hii, usiguse ile. Hata mwenye akaunti kubwa ya mashine akitaka kupita, mlinzi anafuata sera. Programu ya lebo inasoma grupu ya damu na kuprinti. Haiwezi andika kitu kwa rekodi ya mgonjwa."

"Haiwezi kabisa?"

"Mlinzi ataizuia."

Cherono alikuwa ameshaketi kwenye kibodi. Alibonyeza hapa na pale. "Ni kweli, Inspekta. Mlinzi yuko katika hali ya kuzuia."

Javan alishusha pumzi.

"Tangu lini?" Kimeli akauliza.

Pumzi ikarudi juu.

"Mlinzi huandika kila kitu, hata anapobadilishwa yeye mwenyewe," Cherono alisema, akisoma. "Leo, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, ametolewa katika hali ya kutazama na kuwekwa katika hali ya kuzuia. Kwa akaunti ya Oyugi."

"Hali ya kutazama ndiyo nini?"

"Anaona programu ikivunja sera. Anaandika kwamba imevunja. Halafu anaiacha ipite."

"Soja wa geti aliyepewa daftari akanyang'anywa rungu."

"Hivyo hivyo, Afande."

"Na daftari linasema nini?"

Cherono alisoma polepole. Mlinzi aliwekwa katika hali ya kutazama tarehe nne Machi. Tangu siku hiyo, programu ya lebo ilikuwa imeandika ndani ya rekodi za wagonjwa mara mia tatu na kumi na mbili. Mara ya mwisho ilikuwa leo, saa kumi na dakika hamsini alfajiri, kwenye rekodi ya 4B. Mbele ya mstari huo mlinzi alikuwa ameweka maneno yaleyale ya mistari mingine yote: ingezuiwa; imeruhusiwa.

"Iliandika nini kwa 4B?"

"Programu haijui B ni nini. Ilidhani ni kosa la uchapaji, ikalirekebisha. Ikachukua grupu ya wa 4 ikaiweka kwa 4B. Kisha ikaprinti lebo."

Kimeli alivuta kiti akakaa mbele ya Javan, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Kijana, za mwizi ni arobaini. Wewe umefika mia tatu."

"Mimi si mwizi, Afande."

"Basi wewe ni nani? Kuna mwanamke seli kwa ajili yako. Ana damu kifuani hata hajaoga."

Javan aliangalia cheti ukutani.

"Printa ilikuwa inakataa hizo B," alisema. "Manesi wananipigia simu mara ishirini kwa siku. Nikamwambia Madam Wangeci, nipe wiki mbili nijue hii programu inataka nini, niiandikie sera yake vizuri. Niko peke yangu hapa, hakuna mtu alinifunza hii kitu. Akasema printa ifanye kazi Ijumaa ama Jumatatu nisikuje. Na mke wangu alikuwa ameacha kazi juu ya mtoto."

"Ukafanya nini?"

"Nikamweka mlinzi atazame tu. Ni neno moja tu unaandika. Sekunde mbili. Nilisema nitarudisha baada ya wiki."

"Hukurudisha."

"Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi! Wakanipigia makofi. Wakanipea hiyo." Alionyesha cheti kwa kidevu. "Ningerudisha, printa ingegoma tena. Leo nikasikia mwalimu amekufa na damu si yake. Nikafungua daftari. Nikaona. Nikarudisha."

"Mia tatu na kumi na mbili, na hukuwahi kulifungua kabla ya leo?"

"Ilikuwa inajaa, Afande. Unazoea."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Hapa ufa ulikuwa umezibwa tangu mwanzo, na mwenye nyumba akalipa mtu auzibue. Kimeli alihisi hasira, kisha akahisi kitu kibaya zaidi ya hasira: hakukuwa na mtu wa kutosha wa kumkasirikia. Alimfunga Javan pingu. Zilikuwa kubwa kwa mikono ile.

Bi Wangeci alisema hakumbuki mazungumzo yoyote kuhusu printa na Ijumaa. Mwendesha mashtaka alisema kwa simu kwamba daftari la mashine linamtosha kumwachilia muuguzi, ila hajui kama litatosha kumfunga mtu yeyote. Emmanuel alikuwa bado nje, amempakata mtoto ndani ya koti lake. Kimeli alimweleza yote: kitanda, B, mlinzi, neno moja. Emmanuel alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni mashine," alisema.

"Ni watu."

"Wangapi?"



Jioni Kimeli alikwenda mwenyewe kufungua seli. Angalau hili, alijiambia. Angalau mmoja atalala kwake leo.

"Sista, toka. Rekodi ilibadilishwa na programu. Ulifuata lebo kama ulivyoamriwa. Huna hatia."

Akumu hakuinuka.

"Uliniuliza kama alisema kitu," alisema.

Kimeli alisukuma mlango ukafunguka kabisa.

"Alinishika mkono nikitundika mfuko. Akaniambia, sista, mimi ni O. Mara mbili aliniambia. Nikamwambia, kompyuta inasema A, mwalimu, tulia." Alijifuta uso kwa mkono wa sare. "Akatulia. Aliniamini."

Kimeli alisimama hapo na funguo mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na Akumu alibaki ameketi.