Simu ya Reino na Nyayo za Barafuni

Jumamosi ile ghuba ilikuwa imeganda, shwari kabisa, nasi watu wa Michigan ya kaskazini, huku Marekani, tunakunywa kahawa bila haraka. Jirani yangu Reino Kangas akaja na mkewe Aili kunionyesha simu mpya, nyembamba kama biskuti.

“Cheki kamera hii! Unahesabu mpaka magamba ya samaki.”

“Na betri je?” Aili akamkatiza. “Yule binti wa dukani si alikwambia haistahimili baridi? Ungechukua ile nene.”

“Lile tofali? Mama we, naenda kuvua au kujenga?”

Tukacheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Reino akatembea juu ya barafu kwenda kuvua kwenye tundu lake. Njia ya barafuni huwa tunaiwekea alama kwa miti ya Krismasi iliyokwisha kazi, na hata mtoto anajua: usiiache miti. Reino aliiacha ili apige picha ya jua. Theluji ikashuka ghafla, kukawa kweupe juu na chini.

Nilikuwa bado na Aili simu yake ilipolia.

“Aili, miti siioni. Ila usihofu, kuna mtu ametangulia. Nafuata nyayo zake.”

“Mtu gani? Leo hakuna mwingine aliyetoka!”

“Yupo. Nyayo mbichi kabisa.” Tukasikia hatua zake kwenye theluji. “Ajabu. Sasa wamekuwa wawili.”

Simu ikakatika. Aili akapiga, akapiga tena, haipatikani. Waokoaji tuliowapigia wakauliza yuko upande gani, na sisi hatujui. Huko nje barafu ilikuwa ikinguruma chini kwa chini.

Walimpata kesho yake, ameketi, amekwisha kufa, hatua mia mbili tu kutoka kwenye miti. Nyayo zilizunguka duara, mara tatu, na zote zilikuwa za viatu vyake mwenyewe.

Simu ilipopata joto jikoni, Aili akaiwasha. Ikawaka vizuri tu, betri ingali na nusu ya chaji; ni baridi tu iliyoizima. Akanionyesha ile picha ya jua.

“Nzuri, sivyo?” akaniuliza.

FUNZO

Ndugu zangu, majuto ni mjukuu. Ukiwa dukani usianze na kamera wala wembamba. Uliza kwanza kama simu hiyo itadumu na chaji katika hali ya hewa ya kwenu, na kama itashika mtandao kule unakokwenda peke yako. Chagua itakayokuitia watu ukipotea. Picha utapiga ukifika nyumbani.