Ukurasa wa Saba

Kila Ijumaa, kengele ya kutoka shuleni ikishalia, Evelyne hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwa kinyozi Mujahid, pale mtaa wa Maisaka, kuchukua gazeti la michezo. Gazeti lilifika Alhamisi, wateja wakalishikashika kutwa nzima, na lilipomfikia Evelyne lilikuwa limejaa mikunjo na vinywele vifupi katikati ya kurasa. Alilikung'uta mara mbili kwenye goti, akalitia ndani ya begi, akashika njia ya nyumbani. Babu yake alikuwa akilisubiri.

Babu huyo, Mzee Gidamanyega, alikuwa haoni. Trakoma, ugonjwa wa macho, ilimwanza zamani, akichunga ng'ombe kwenye tambarare za Hanang. Macho yalipowasha aliyafuta kwa ncha ya shuka, akasema yatapona yenyewe. Hayakupona. Baadaye alipata kazi ya ulinzi katika hoteli moja mjini Arusha, na huko ndiko mpira wa Ulaya ulikomnasa, kwa kuutazama kwenye runinga ya mapokezi. Nuru ilipozidi kufifia alirudi kukaa Babati kwa binti yake Josephina, fundi cherehani, ambaye ndiye mama yake Evelyne. Macho yalikwenda, lakini mpira ulibaki.

Na aliujua, si mchezo. Alishabikia timu ya Washika Bunduki wa London, ila hakuwa shabiki wa kelele. "Beki anayetazama mpira akamsahau mtu," alipenda kusema, "ni sawa na mchungaji anayemkazia macho fisi mmoja. Fisi hatembei peke yake." Watu kwa Mujahid walikuwa na simu zenye matokeo ya kila dakika, na gazeti walilifungua, lakini waliishia kwenye picha na vichwa vya habari. Makala ndefu za ukurasa wa saba, zenye herufi ndogo kama mbegu za ulezi, hakuna aliyezigusa. Aliyezijua zote ni yule asiyeona. Ndiyo maana walimwita Mchambuzi, na Jumamosi walimwachia nafasi katikati ya benchi.

Pale kwa kinyozi palikuwa na desturi yao. Mtu akileta habari huulizwa, "Umesoma au umesikia?" Akisema amesikia, anasamehewa hata akikosea. Akisema amesoma, na habari ikaonekana ya uongo, anaondoka kwenye benchi na kwenda kukaa juu ya dumu lililopinduliwa mlangoni, penye vumbi na upepo, wiki nzima, na maneno yake hayahesabiwi. Vijana walikaa kwenye dumu hilo kila mara, wakataniwa. Mzee Gidamanyega hakuwahi kulikalia. Yeye alijibu daima, "Nimesoma." Akiulizwa amesomaje, alisema, "Kwa macho ya mjukuu wangu. Mnataka macho gani tena?"

Baada ya gazeti kilifuata kitabu. "Gazeti ni chai," Babu alisema, "kitabu ndicho ugali." Evelyne aliazima vitabu kwenye maktaba ya shule, na wakati huo walikuwa na hadithi ya dereva wa treni ya mizigo aliyesafiri na mbwa wake, jina lake Korosho. Babu alimpenda sana mbwa huyo. Katikati ya wiki, akimega ugali, angeweza kuuliza ghafla, "Hivi yule Korosho anakula nini huko njiani?"

Basi mambo yalikwenda vizuri mpaka muhula ule shule ilipoanzisha timu ya wasichana ya mpira wa miguu. Evelyne, mwanafunzi wa darasa la sita, alichaguliwa kuwa winga. Mazoezi yalikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Ijumaa hiyohiyo.

Wiki ya kwanza alisoma harakaharaka. Wiki ya pili aliruka aya. Wiki ya tatu alifungua kitabu cha treni ukurasa wa arobaini na moja, akatazama saa ya ukutani, akageuza kurasa kumi kwa mkupuo mmoja na kuendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Ngoja," Babu alisema. "Na Korosho?"

"Hatajwi tena, Babu."

"Mwandishi gani huyo, anamleta mbwa halafu anamsahau," alisema.

Ijumaa iliyofuata rafiki yake Scholastica alisimama nje ya uzio, mpira kwapani, akipiga mluzi. Evelyne alifungua ukurasa wa saba. Palikuwa na picha kubwa ya golikipa wa Washika Bunduki amelala chini, daktari ameshika goti lake, na chini yake maneno mengi, mengi mno. Evelyne hakuyasoma. Alitazama picha, akatunga.

"Golikipa wa kwanza ameumia goti," alisema. "Hatacheza wiki sita."

"Wiki sita." Babu alishika kichwa. "Hiyo ndiyo habari yote?"

"Ndiyo yote, Babu."

Akakunja gazeti, akatoka mbio. Siku hiyo alifunga mabao mawili, na njiani kurudi alikuwa akiimba.

Kesho yake mchana alimpeleka Babu kwa Mujahid kama kawaida, yeye mbele, Babu nyuma, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo. Alimkalisha kwenye benchi, akaenda kucheza. Aliporudi kumchukua jioni alisimama mlangoni. Babu yake alikuwa amekaa juu ya dumu. Mgongo ulikuwa umenyooka, mikono miwili juu ya fimbo, na vumbi la barabarani lilikuwa limemwingia kwenye nyusi. Ndani watu walitazama mechi kimyakimya, na hakuna aliyecheka.

"Shikamoo, mjomba," Evelyne alimwambia Mujahid kwa sauti ndogo. "Babu amefanyaje?"

"Marahaba, mwanangu." Kinyozi alizima mashine yake. "Alisema golikipa hachezi, ameumia. Mzee Melkiadi akambishia. Wakabishana mpaka Babu yako akasema amesoma, na akirudi nyuma kwenye neno lake asiitwe tena mtu mzima. Basi orodha ya wachezaji ikatoka kwenye simu. Jina la kwanza kabisa, golikipa. Mimi nikasema magazeti hukosea, wote tukakubali yaishe. Yeye ndiye aliyekataa. Kainuka mwenyewe, kapapasa ukuta mpaka kwenye dumu."

Karani mstaafu Melkiadi, mtu wa maneno mengi, alikuwa ameinamisha kichwa. Hata yeye alionekana kujuta kuwa ameshinda ubishi ule.

Walipofika nyumbani Babu alitundika fimbo kwenye msumari wake. "Evelyne," alisema, "Ijumaa usihangaike na gazeti. Mtu asiyeona asijifanye anaona. Hata kitabu, kirudishe kwa mwalimu. Nenda ukacheze na wenzako."

Hicho ndicho alichokuwa akikitaka, au sivyo? Ijumaa zote zilikuwa zake sasa. Lakini kuanzia Jumapili hadi Jumanne Babu alikaa chumbani, redio imezimwa, akijibu "nimeshiba" kabla hajala. Evelyne aliona wazi kwamba hakumnyang'anya gazeti tu. Macho Babu alishayapoteza, ng'ombe alishawaacha, na kitu kimoja alichobaki nacho kilikuwa neno lake, kwamba akisema watu wanasadiki. Hicho ndicho Evelyne alichokichukua, kwa sababu ya mluzi wa Scholastica.

Jumanne jioni alitoa gazeti uvunguni na kusoma ukurasa wa saba, neno kwa neno. Chini ya picha paliandikwa kwamba ilipigwa mwaka jana. Makala yenyewe ilieleza jinsi golikipa yule alivyopona na kurudi uwanjani akiwa imara kuliko mwanzo. Evelyne alikwenda na gazeti hadi kwenye cherehani la mama yake, akasimama hapo, na machozi yakatangulia maneno.

Mama Evelyne alisikiliza mpaka mwisho. Aliusimamisha mguu kwenye pedali. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "na wewe umeimalizia kwenye mgongo wa baba yangu." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Evelyne zaidi. "Sasa nisikilize. Uongo wako ulikwenda mpaka kwa Mujahid, mbele za watu. Ukweli usiishie hapa kwenye cherehani langu. Lakini anza na yeye."

Evelyne aliingia chumbani, akapiga magoti. "Babu, sikusoma. Nilitazama picha, nikatunga."

"Najua," Babu alisema.

"Unajua?"

"Nilipokaa kwenye dumu nilipata nafasi ya kufikiri. Nikamkumbuka Korosho. Nikasema, kitabu hakimsahau mbwa namna ile. Aliyemwacha ni msomaji."

"Mbona hukuwaambia kwamba ni mimi?"

"Ningewaambia, ungekaa wewe kwenye dumu. Na mimi ndiye niliyesema nimesoma." Alivuta shuka begani. "Nenda kalale, mwanangu."

Evelyne hakulala mapema. Alikuwa ameshaamua.

Jumamosi alimwomba mwalimu wa michezo ruhusa ya kukosa mechi ya kirafiki dhidi ya wasichana wa shule ya Bonga. Mwalimu alikunja uso, akampa. Kisha alimshawishi Babu atoke. Mzee alikubali kwa shingo upande, akisema wiki yake ya dumu haijakwisha na deni la neno halilipwi ukiwa umejifungia nyumbani.

Walipofika, Babu alielekea mlangoni, akapapasa kutafuta dumu. Evelyne alikuwa amewahi. Alikuwa amelikalia.

"Inuka," Babu alisema.

"Samahani, Babu, siinuki." Akawageukia watu. "Shikamooni. Babu yangu hakusema uongo. Ni mimi. Ijumaa ile sikusoma gazeti, nilitaka kuwahi mpira. Niliona picha ya golikipa nikatunga habari. Babu aliniamini. Hiki ni kiti changu."

Mashine ya kunyolea ilinyamaza. Kijana aliyekuwa akinyolewa alibaki na nusu ya kichwa. Evelyne alifungua gazeti la wiki iliyopita na kusoma ukurasa wa saba wote, mpaka maneno madogo ya chini ya picha. Sauti ilikatika mara mbili, akaanza tena pale pale ilipokatikia. Kisha akachukua gazeti jipya lililokuwa kwenye benchi, akasoma na ukurasa wake wa saba. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyetoka.

Alipomaliza, Melkiadi alisimama, akamshika Babu mkono, akamwongoza hadi katikati ya benchi. "Mzee Gida," alisema, "nafasi yako haikukaliwa na mtu. Nisamehe nilivyokubishia."

"Ulikuwa sahihi. Nikusamehe nini?" Babu alijibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile tabasamu lilimpitia usoni. Halafu alimgeukia mjukuu wake, akimtafuta kwa sikio.

"Evelyne, wewe na vijana wote mlio humu, sikilizeni. Trakoma ilinipofusha mara moja, na ilikuwa kwa uzembe wangu, maana niliambiwa ninawe uso na niende zahanati, nikapuuza. Sina kinyongo nayo. Lakini mtu akikuamini amekupa macho yake uyashike. Ukimdanganya umempofusha mara ya pili, na safari hii hana kosa. Kucheza si vibaya. Ungesema, 'Babu, leo nina mazoezi, tusome kesho,' ningekuambia nenda ukafunge. Kazi ya mtu aliyekuamini ama uifanye yote, ama useme hujaifanya. Hakuna njia ya katikati."

"Nimekuelewa, Babu."

"Dumu utalikalia hadi Jumamosi ijayo. Desturi ni desturi."

"Ndiyo, Babu."

"Haya. Na mazoezi yenu yaanza saa ngapi Ijumaa?"

"Saa kumi."

"Basi tutasoma Jumamosi asubuhi. Gazeti halichachi."

Watu wakacheka, mashine ikawashwa, na yule kijana akapata nusu yake iliyobaki.

Walirudi nyumbani jua bado lipo. Babu alikaa kwenye kiti chake kibarazani, hakutundika fimbo. Evelyne alitoa kitabu cha treni, ambacho hakuwa amekirudisha, akafungua ukurasa wa arobaini na moja. Alisoma jinsi treni ilivyoondoka kituoni usiku wa mvua, dereva asijue kwamba Korosho ameshuka kunywa maji. Alisoma jinsi dereva alivyomlilia. Kisha akafika mahali palipoeleza kwamba asubuhi, maili nyingi nyuma, mbwa alionekana akichechemea katikati ya reli, akiifuata treni ilikokwenda.

Evelyne aliweka kidole kwenye mstari ule.

"Yumo?" Babu aliuliza.

"Yumo, Babu. Alikuwemo siku zote. Anatembea kwenye reli."

Mzee aliegemeza kidevu juu ya fimbo na kufumba macho yake yasiyoona.

"Soma," alisema. "Na safari hii usimwache."