Msomaji Aliyeazima Sauti

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Nereida, na mengine niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba na nina akili zangu zote. Natanguliza hilo kwa sababu mimi si mtu wa mizimu. Nafundisha fasihi chuoni, na mtu akianza kunieleza habari za marehemu anayetembea, huwa namuuliza alikuwa amekunywa nini.

Nereida alisokota biri katika kiwanda cha mji wetu kwa miaka ishirini na sita. Ukumbi wao una meza mia mbili zilizopangwa kama madawati ya shule, na mbele pana jukwaa lenye kiti kimoja. Kiti hicho ni cha msomaji. Asubuhi husoma gazeti. Baada ya kahawa husoma kitabu kilichopigiwa kura, sura baada ya sura, huku mikono ya wenzake ikiendelea na kazi. Wasokotaji hawapigi makofi. Kila mmoja ana chaveta, kisu bapa kisicho na mpini, na sura ikiwakuna hugonga visu vyao juu ya ubao wa meza. Kitabu kikiwachosha, huviangusha sakafuni. Nasema kitabu, si mtu. Tangu enzi za babu zao hakuna aliyewahi kumwangushia kisu msomaji.

Msomaji wao aliitwa Evelio Pedraja. Alikuwa mjane mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata katika joto kali la mwezi wa nane. Riwaya za mapenzi alizisoma kwa sababu zilipigiwa kura. Alichokipenda ni mambo yasiyokuwepo, majoka na miji iliyo chini ya barafu na sayari zenye majua mawili.

Kuna makala nyingi za kitaalamu juu ya sanaa hii, nyingi zimeandikwa na watu wasiowahi kumsikia Evelio. Ukweli wenyewe ni mfupi. Hadithi ya mume na hawara hata karani anaweza kuisoma, kwa sababu mume tunamjua na hawara tunamjua, tutajijazia wenyewe. Lakini ukimwambia mtu habari za mnyama mwenye makoo matatu, hana cha kushika isipokuwa koo lako wewe. Ukikosea, mnyama anakufa papo hapo, na kinachobaki jukwaani ni mtu mzima anayetoa milio.

Mnyama wa Evelio hakufa hata mara moja.

Mwaka ule walikuwa wanamaliza juzuu ya sita ya hadithi ndefu kuhusu chombo kinachosafiri kati ya nyota, kimebeba watu elfu kumi waliolazwa usingizi. Ndani ya chombo mna kiumbe, Asiye na Kinywa. Hawezi kusema mpaka aazime sauti ya mmoja wa waliolala. Tena ana adabu zake. Lazima aombe kwanza, na lazima akubaliwe.

Msomaji mwingine angemngurumisha. Evelio alimsoma taratibu, kwa upole, kama muuguzi anayekuomba unyooshe mkono. Mikono mia nne ilisimama juu ya tumbaku. Wasimamizi walilalamika kwamba kila Asiye na Kinywa anapotokea, hesabu ya biri inashuka.

Mwezi wa tatu koo la Evelio likaota vinundu. Hospitali wakavikata. Aliporudi kufungua juzuu ya saba, sauti yake ilikuwa ya birika linalokaribia kuchemka. Kapteni wa chombo, mwanamke wa chuma ambaye ukumbi mzima ulimwogopa, akatoka kinywani mwake akipiga mluzi.

"Kapteni, zima jiko," akasema Lázaro Mena, mcheshi wa ukumbi. Watu wakacheka.

Evelio akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Nipeni wiki mbili, ndugu zangu. Daktari anasema itarudi."

"Wiki mbili? Na wale waliolala tuwaambie nini, wageuke upande wa pili?"

Hapo ndipo Nereida aliposimama. Katika simu yake alikuwa na juzuu ya saba nzima, kitabu cha kusikiliza, kimesomwa na bwana mmoja wa Meksiko mwenye sauti kama siagi iliyoachwa juani. Na katika ukoo wetu tunajivunia kusema ukweli. Ni ugonjwa, lakini tunajivunia.

"Evelio, mimi unafiki siuwezi," akasema. "Umetusomea vizuri miaka yote. Sasa huwezi. Kwa nini tujifanye?"

Akaangusha chaveta yake.

Ya pili ikafuata. Ya kumi. Alinisimulia kwamba hadi visu mia mbili vitue chini ni muda mrefu sana, na kwamba Evelio alisubiri mpaka cha mwisho. Kisha akashuka jukwaani, akapiga magoti kwenye vumbi la tumbaku, akaanza kuviokota. Alikirudisha kila kisu juu ya meza ya mwenyewe. Alianza na cha Nereida. Akainama karibu na sikio lake.

"Una sauti nzuri," akanong'ona. "Utaniazima?"

Meza za karibu zilimsikia. Nereida akaona aibu, na mtu wa kwetu akiona aibu huwa anatania.

"Chukua tu, mzee. Mimi naitumia kwa kugombana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Evelio akaenda meza ya pili, akauliza vilevile. Ya tatu. Kila mmoja, kwa kufuata mzaha wa Nereida, akajibu: chukua tu.

Kesho yake simu ya Nereida ikawekwa kwenye kiti cha msomaji. Siku ya tisa Evelio alikutwa amekufa kitandani, shati limefungwa. Ukumbi ulipeleka shada la maua na ulisimama kimya dakika moja. Kisha wakabonyeza simu, bwana wa Meksiko akaendelea.

Alisoma vizuri sana, sina la kumsingizia. Kapteni wake alikuwa chuma tena. Sura ya nne, Asiye na Kinywa akazungumza kwa mara ya kwanza katika juzuu hiyo.

Akazungumza kwa sauti ya Lázaro Mena.

Si iliyofanana. Ilikuwa yenyewe, na kile kikohozi chake cha katikati ya sentensi. Watu wakapasuka kwa kicheko, wakamgeukia.

"Lázaro, umeanza lini kulipwa Meksiko?"

Lázaro naye alikuwa anacheka. Mabega yalitikisika. Mdomo ulikuwa wazi. Ilichukua muda kabla mtu hajagundua kwamba kicheko chake hakina sauti.

Kliniki walimchunguza koo wakasema ni safi kama la mtoto.

Kesho yake sauti ilimpotea mama wa meza ya kumi na mbili. Keshokutwa wawili. Kufikia Ijumaa walikuwa saba, na Asiye na Kinywa alikuwa akizungumza kwa zamu, akipokezana sauti zao kama mtu anayejaribu viatu dukani. Wakapiga kura, maana sisi hata mvua tungeipigia kura, na kitabu kikasimamishwa. Nereida akakifuta kwenye simu mbele ya watu wote.

Sauti yake alikuwa bado anayo. Alirudi nyumbani, akapika wali na maharagwe meusi, akamsimulia mama yake mkasa wote huku akicheka. Lazima niseme habari za huyu mama yake, bibi yangu Eustolia. Kisukari kilimpofusha miaka kumi na tano kabla. Walikuwa wanaishi wawili tu, na Bibi alimjua binti yake kwa sauti. Kwa harufu hakuweza. Katika mji wetu mikono ya kila mtu inanuka tumbaku.

Nereida alilosahau ni kwamba kitabu kile alikuwa amemnakilia Bibi pia, kwenye kispika kidogo chenye kitufe kimoja, ili asikae na ukimya kutwa nzima.

Jumatatu, kama saa tano asubuhi, alikuwa anamgombeza jirani yake wa meza juu ya jani lililopasuka. Neno likakatika katikati. Hakukohoa. Hakuumia. Lilikatika tu, kama uzi.

Alikimbia mitaa minane, kisu kingali mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha kuyumba, kispika mapajani, uso umejaa furaha.

"Na leo umewahi kurudi, mwanangu," Bibi alikuwa anasema.

"Nimekukumbuka, mama," kikajibu kispika.

Nereida akaita. Akaita kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kilichosikika ni ubao wa mlango, aliouegemea, ukilia.

Bibi akageuza kichwa. "Nani yuko mlangoni?"

"Hakuna mtu," kikasema kispika, kwa sauti ya Nereida. "Upepo."

Alinitumia ujumbe: Njoo, siwezi kusema. Nilidhani ni namna ya kusema. Nilifika Jumatano.

Nilimkuta Nereida amekaa jikoni na bakuli la supu lililopoa. Bibi alinitambua mara moja nilipomwamkia, akanishika uso.

"Umekonda. Umeshakula? Nereida amepika supu tamu."

"Wewe umeshakula, Bibi?"

"Nimeshakula. Amenilisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko."

Nikamtazama Nereida. Akatikisa kichwa, akanyoosha vidole vitatu. Siku tatu. Kila alipompelekea kijiko mdomoni, Bibi alikaza meno.

"Kuna mwanamke humu ndani," Bibi akaninong'oneza. "Bubu. Ananigusagusa. Nereida ameniambia nisimjali."

Nikasema, "Bibi, huyo bubu ndiye Nereida."

Akacheka kwa upole, kama ninavyowacheka wanafunzi wangu. "Mimi ni kipofu, mwanangu. Si kiziwi."

Mchana ule Nereida akaandika barua. Iliandikwa kwa Evelio, maneno machache: nilikosea, kisu ni cha kitabu si cha mtu, nirudishie, si kwa ajili yangu. Yeye hakuwa na sauti ya kuisoma. Akanipa mimi, akanivuta mkono hadi makaburini.

Hapa nitasema nilivyokuwa, bila kujipamba. Niliona haya. Lilikuwa jua kali, mfagiaji wa makaburi ameegemea ufagio akitusikiliza, na mimi ni mtu mwenye shahada mbili. Niliisoma ile barua haraka, kavu, kama kumbukumbu za kikao cha idara. Mimi ninayewafundisha watu kwamba maneno ni nusu tu, na kwamba nusu nyingine ni pumzi ya anayeyasoma.

Nilipomaliza, Nereida alikuwa ananitazama. Nadhani hivyo ndivyo walivyomtazama Evelio siku ile.

Akanipokonya karatasi, akainyoosha mbele ya uso wangu. Tena. Nikaisoma tena, na safari hii nilijitahidi, nikaweka hisia, ikawa mbaya zaidi. Ilisikika kama mtu anayejitahidi.

Hakuna kilichotokea. Mfagiaji akarudi kufagia.

Alhamisi umeme ulikatika asubuhi. Adhuhuri chaji ya kispika ikaisha, taa yake ikazima. Nilikichukua mapajani mwa Bibi, nikakitoa betri, nikaitia mfukoni. Nilishusha pumzi. Nereida akaleta supu, nikashika kijiko mimi.

"Bibi, fungua mdomo. Ni mimi."

Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, anasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Akatabasamu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini Nereida anasema nikiongeza kijiko tumbo litanipasuka. Imetosha."

Daktari alikuja na dripu. Bibi aliichomoa. Akaja tena na dawa ya kulaza. Alilala, na hata usingizini taya halikulegea. Midomo tu ilikuwa ikitikisika, akijibu. Alicheka mara mbili. Aliuliza, "Halafu joka likafanya nini?" Akasubiri. Akasema, "Lo!"

Kumbe alikuwa anasomewa.

Nereida alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alimshika mama yake mkono akaubandika kwenye shingo yake mwenyewe, pale sauti inapotetemeka mtu akisema, akafungua mdomo, akasema. Alisema kwa muda mrefu. Niliona midomo yake: mama, mama, mama, ni mimi. Vidole vya Bibi vilipapasa ile shingo iliyotulia kama ukuta. Kisha akauvuta mkono wake, polepole, akaufuta kwenye shuka.

"Mwondoeni huyu," akasema. "Ananikosesha kusikia."

Alikufa siku ya kumi na moja, uzito wa mtoto wa shule, uso ukiwa wa mtu aliyetoka kula.

Tulimwosha wawili, Nereida na mimi. Yeye aliosha kichwa. Alipofika kwenye sikio la kushoto akasimama, akachukua kibanio cha nywele, akachokonoa kwa uangalifu, akatoa kitu akakiweka juu ya kiganja changu.

Kilikuwa biri. Nyembamba kama njiti ya kiberiti, fupi kuliko ukucha, imefungwa jani la nje bila hata mkunjo mmoja, na ncha yake imeviringwa kofia ndogo kwa gundi. Jani lilikuwa bado na unyevu. Kwenye sikio la kulia ilikuwemo nyingine.

Nikamwambia jambo la kipuuzi, kwamba lazima ni mtu wa kiwandani, aliingia lini.

Nereida aliichukua, akaigeuza mbele ya dirisha. Msokotaji anaijua kazi ya mkono wake kama wewe unavyoujua mwandiko wako. Aliitazama kofia, mahali jani linapoanza, upande linapogeukia. Kisha akainua kidole kilicholowa maji ya kumwoshea mama yake, akajionyesha kifuani.