Kazi ya Hatua Saba

Mama mkwe alizinduka usingizini na kumkuta mkwewe nyuma ya kiti chake, kandambili za mkewe miguuni, kisu cha jikoni mkononi, mguu mmoja juu kama kuku aliyeogopa tope.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Bonge akateremsha mguu na kujieleza. Yeye ni fundi wa kurekodi sauti za magemu, na gemu hili ni la muuaji wa kukodiwa, anayenyatia watu bila kusikika. Alihitaji hatua saba na mtu wa kumnyatia.

"Muuaji mwenye kitambi," alisema mama. "Watu watakufa kwa kicheko kabla ya kisu."

Bonge akacheka, akaketi sakafuni mbele ya kiti, kando ya maiki yake, akavaa hedifoni asikilize. Kwanza ikaja sauti yake, maana hutangaza kila anachorekodi: "Kazi ya muuaji. Mlengwa, mama aliyekaa kitini." Zikafuata hatua zake saba, kandambili zikilia. Halafu ya nane. Ya mguu mtupu.

Akawasha tena kurekodi, miguu yake ameikunja, hatikisiki. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani, lakini harufu ya chuma kilicholowa ikaanza kupanda, na ndani ya hedifoni hatua zikaja moja moja, zikibanduka sakafuni kama nyayo zenye maji, zikampita ubavuni hata baridi ikamwingia shingoni, zikaenda, zikaenda, mpaka nyuma ya kiti cha mama, zikakoma hapo, ikabaki pumzi ya mtu asiye na haraka.

"Mama, usigeuke," alinong'ona.

"Kuna nini?"

"Nimeita jini kwa mdomo wangu. Nilitangaza kazi, nikakutaja wewe."

Mama hakugeuka. Nywele za kisogoni mwake zilikuwa zikiinuka zenyewe, fungu kwa fungu, kana kwamba mkono unazipekua ukitafuta pa kuanzia.

Bonge akaikamata maiki kwa mikono miwili. "Kazi imefutwa," akatangaza. "Mlengwa huyo hatakiwi tena."

Pumzi ikasita. Kisha sauti ndogo, kavu, ikauliza mle mle chumbani, bila kuhitaji hedifoni:

"Badala yake nani?"

Bonge akamtazama mama mkwe. Mama akatazama kisu, kandambili, kitambi. Akainama taratibu, akaivuta maiki mdomoni.

"Huyo hapo chini," alisema. "Binti yangu bado kijana, ataolewa tena."