Msiba wa Shangazi Aliye Hai

Asubuhi, Jovitha alipokwisha kuchota maji na kufagia uwanja, alimtazama mama yake akijifunga kitenge. Kilizungushwa mara mbili, kisha mara ya tatu. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, na kitenge kilikuwa kimeanza kuishiwa na hila.

Mama yake, Deodata, alishona sare za shule katika karakana ya Bi Eustakia mjini Biharamulo, siku tatu kwa juma, bila mkataba. Bi Eustakia alikuwa amekwisha kusema: mwaka mpya ukianza, kati ya washonaji wake wawili huenda akabaki mmoja. Tangu hapo usingizi ulihama nyumba ile.

"Leo ni kliniki, na nimeikosa mara mbili," alisema Deodata. "Pitia karakana, sema nimepata dharura. Usiongeze neno."

Jovitha aliongeza. Njiani aliona dharura ni neno jepesi mno kulinda kazi ya mtu.

"Shikamoo, Bi Eustakia."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi? Sketi thelathini zinamngoja."

"Amefiwa. Na shangazi Bonifasia, wa Nyabusozi."

Cherehani zilinyamaza. Priscila, mshonaji wa pili, alishika kifua. "Maskini! Juzi tu nilimwona mnadani akigombania bei ya mbuzi, mzima kabisa!"

Jovitha alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua: kwao, aliyefiwa haachwi peke yake. Alipotoka shule aliwakuta uwanjani, Bi Eustakia na ndoo ya maharage, Priscila na mzigo wa kuni kichwani. Deodata naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kadi ya kliniki mkononi.

"Pole kwa msiba," alisema Bi Eustakia.

"Msiba gani?"

Jovitha alisogea mbele. Akinyamaza, mama yake ndiye angeonekana mwongo, na kazi ingekwenda.

"Nimedanganya mimi," alisema. "Mama hakunituma hivyo. Alikwenda kliniki. Ana mimba."

Deodata aliinamisha kichwa. "Niliogopa utamchagua Priscila."

"Deodata, miaka ishirini napima viuno vya watu. Ulidhani kitenge kingenidanganya mimi? Nilikuwa nangoja uniambie, nikupangie siku."

"Siku za kliniki nitakushikia zamu," alisema Priscila, akitua kuni. "Ila sketi zenye marinda ni zako."

"Kama mwakani nitapata kazi ya washonaji wawili, sijui, hilo sitakuahidi," aliendelea Bi Eustakia. "Ninaloahidi ni kwamba mimba haitakuondoa. Ukijifungua, ukipata nguvu, kiti chako kipo kama cha mwenzako."

Kisha akamgeukia Jovitha.

"Hofu ya mama yako naielewa. Lakini ukweli, mwanangu, ungebeba maneno mawili tu. Uongo wako umebebesha watu wazima kuni na maharage. Maharage hayarudi, yainjike. Na Jumamosi nenda Nyabusozi, ukamwombe radhi marehemu."