Moshi Ulimtoa Mke Wangu Nyumbani kwa Rafiki Yangu

Nina miaka thelathini na minne, ni fundi wa mabomba ya majitaka hapa Dodoma. Mpaka leo nikisikia watu wanacheka nyuma yangu, nadhani wananicheka mimi... na mara nyingi ni kweli.

Wasomaji wenzangu, mwanzo nilikuwa na raha. Reli ilipofika, Wajerumani walijenga nyumba zao karibu na boma, nami nikalaza mabomba ya udongo wa kuchoma ya kupeleka uchafu wao bondeni. Kila kiungo nilikiziba kwa mikono yangu. Nilikuwa na mke, Sechelela. Nilikuwa na rafiki, Chiwanga, mwenye duka la chumvi na vitambaa. Bomba langu lilipita nyuma ya ua wake.

Masika yakaja. Mvua kubwa ya kwanza tu, mabomba yakafurika! Uchafu ukapanda juu, ukatapakaa uani kwa bwana mkubwa wa boma. Nani alaumiwe kama si fundi? Walisema viungo vyangu vinavuja na kuingiza maji ya mvua. Nikalazwa kifudifudi mbele ya boma, nikapigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano. Baba mkwe alikuwa ametoka Gulwe kutusalimu. Aliona kila kitu... hata nilipolia kama mtoto.

Sechelela alisema anarudi kwao. Sikumzuia. Ningemzuia kwa uso gani? Nilijifungia ndani, nikamwomba Chiwanga amsindikize stesheni.

"Usijali, ndugu yangu," aliniambia. "Shemeji nitamfikisha salama."

Tangu siku hiyo Chiwanga akawa mjumbe wangu. Nilimpa salamu, nilimpa kaniki mpya ampelekee kila alipokwenda Gulwe kwa biashara. Alirudi na majibu. "Anakusalimu. Hasira bado hazijaisha, mpe muda." Nami nikamshukuru! Nikamshika mikono yote miwili nikamshukuru!

Kiangazi kilipoingia, alikuja Mjerumani mmoja, mjuzi wa mabomba. Nilimwendea, nikamwomba ayapime mabomba yangu. Akakubali. Tuliziba ncha zote kwa udongo, tukachoma majani mabichi na matambara yenye lami ndani ya pipa, kisha tukavukuta moshi uingie bombani. Penye tundu, moshi lazima utokee. Watu walijaa kutazama.

Viungo vyangu vilitulia. Hata ukungu wa moshi haukuonekana! Moyo ulinidunda kwa furaha.

Mara tukasikia, "Moto! Moto kwa Chiwanga!"

Moshi ulikuwa unafuka kwenye mfereji wa paa lake na kupenya chini ya bati. Nilinyakua ndoo ya maji nikakimbia mbele ya wote... kuokoa nyumba ya rafiki yangu.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke anakohoa, amejiziba pua kwa kaniki niliyoinunua mimi.

Alikuwa Sechelela.

Ndoo ikaniponyoka. Mtu mmoja akacheka, halafu wote.

"Usinitazame hivyo," aliniambia. "Hukuthubutu hata kutoka nje kuniaga. Yeye ndiye aliyekuja."

Nyuma yangu yule Mjerumani alifukua, akaona Chiwanga ametoboa bomba na kuunganisha mfereji wa paa ili ua wake usijae maji; maji hayo ya paa ndiyo yaliyoyafurisha mabomba masika. Akatangaza kwamba kazi yangu ni safi. Nani alimsikiliza?

Chiwanga naye alilazwa pale pale nilipolazwa mimi. Sikwenda kutazama. Sechelela alimsubiri, akamkanda mgongo kwa maji ya moto. Wangu hakuukanda mtu... kwa sababu sikumfungulia mtu mlango.

Ndugu zangu, nawasihi! Ukiaibishwa, usijifiche. Toka hivyo hivyo na majeraha yako, ukae na mkeo, uzungumze naye kwa kinywa chako mwenyewe. Mimi nilimtuma mwenzangu akaniongelee kwa mke wangu. Leo nakula peke yangu, na mabomba yangu hayavuji.